Sota wa Mama Mkwe

Mtaani walimwita Bwana Nondo, na hakukosa fundi wa kumbishia hodi akiulizia bei ya nondo za kujengea. Akiwaeleza kwamba nondo wake wana mabawa, walimpa pole na kwenda zao.

Alikuwa mtafiti wa makumbusho, na kwa miaka mingi roho yake ilikuwa kwa nondo mmoja tu: mdogo, wa kijivu, mwenye doa la njano begani. Duniani kote walijulikana watatu, wote wamekaushwa na kuchomekwa pini. Kiwavi wake hakuna aliyewahi kumwona. Bwana Nondo alimsaka milimani na taa na shuka jeupe, akarudi na mafua.

Ndipo mama mkwe akaja kukaa nao, akapanda kabichi nyuma ya jiko. Asubuhi moja akakuta miche imelala chini, imekatwa shinani kama kwa wembe.

"Baba, hebu njoo uone. Wewe si ndiye daktari wa wadudu?"

"Hao ni sota tu, mama, viwavi wakata miche," alijibu bila kuinuka kitini, kwa sauti ya mtu mwenye mambo makubwa. "Fukua udongo, utawakuta wamejikunja. Wape kuku."

Mama akafukua, kuku wakashiba. Mmoja akamtia kwenye kopo lenye udongo na majani, akamwekea mkwewe dirishani, huenda akapata nafasi ya kumtazama. Hakuipata.

Wiki kadhaa baadaye mkewe, akitafuta pa kutilia chumvi, alifungua lile kopo. Kikaruka kitu cha kijivu, chenye doa la njano begani.

Bwana Nondo alikifukuza sebule nzima na chujio la chai, akaangusha saa ya ukutani pamoja na heshima yake, hatimaye akakinasa juu ya pazia. Kisha akaenda jikoni kwa mama mkwe.

"Mama, wale sota wengine..."

"Si ulisema niwape kuku?"

"Basi naomba upande tena kabichi. Ili waje wazile."

Mama alimgeukia binti yake. "Huyu ndiye uliyeniambia ana akili?"

"Nilisema ana kazi, mama."

Ikabidi Bwana Nondo azipande mwenyewe. Kila alfajiri alipiga magoti, akapekua udongo, akamwomba Mungu amletee hasara. Kabichi zikanenepa, halikuguswa hata jani. Majirani wakaja kumwuliza anatumia dawa gani, naye, mtaalamu wa wadudu waharibifu, akawaambia ukweli: hajui.