Kiganja cha Mama Walburga

Wiki ile sikukalika. Nilifagia ua niliokwisha kuufagia, nikabandika uji nikausahau ukaungua. Jirani mmoja hapa Bombambili akaniuliza kama nina funza miguuni. Nilimjibu vibaya, na sijamwomba radhi hadi leo.

Hofu yangu ilikuwa moja. Eusebi, fundi baiskeli wa mtaa wa pili, alikuwa amelazwa, figo zimegoma, siku nne baada ya kunywa dawa ya tumbo iliyotoka kwetu. Mama yangu, Walburga, ni mganga wa tiba asili. Cheti chake cha usajili kimetundikwa ukutani jirani na picha ya Bikira Maria. Mimi Lidwina, bintiye, sina cheti wala nusu cheti. Lakini dawa ile niliipima mimi.

Kwetu mzizi hupimwa kwa mkono wa aliyeuchimba. Mizani ya nini? Ukiingia mkono mwingine, dawa imekufa, na wagonjwa wote wanalijua hilo. Sasa mama, tangu baridi ya Juni, vidole vya mkono wake wa kulia vilikakamaa, havifumbi tena. Tungewaambia wagonjwa? Wasingerudi hata mmoja. Basi tukatundika pazia. Nyuma yake nachota mimi, mama anatoka na kifurushi na kusema, "Kiganja kimoja, chemsha chote, anywe." Na mikono yangu nimerithi ya marehemu baba, mfyatua matofali. Nilijua ni mikubwa. Kila nilipochota nilijua, nikajisemea dawa ya miti haina makali hivyo. Ujinga gani ule!

Alhamisi akaja afande Rupert, mpelelezi, pamoja na Anjelika, mke wa Eusebi. Afande akamwamkia mama shikamoo, akakaa, akafungua jalada.

"Mama, dawa ya Eusebi aliipima nani?"

"Mimi mwenyewe, baba. Kwa mkono huu."

Hakunitazama. Asubuhi ile alikuwa ameniambia jikoni, "Mimi nina cheti, wewe huna. Mimi nimekula chumvi nyingi, wewe una watoto. Nyamaza."

"Basi nipimie kiasi kile kile," afande akasema, akitoa bahasha ya kaki. "Kinakwenda maabara."

Mama akatia mkono kwenye kopo la unga wa mzizi. Vidole vikabaki vimenyooka. Unga ukamwagika karibu wote, ukabaki wa kujaza kizibo cha soda. Akautia kwenye bahasha, jasho likimtoka.

"Hiki tu?"

"Hicho tu, baba."

Afande akamgeukia Anjelika. "Dada, hiki hata mtoto hakimdhuru. Mumeo hakunywa pombe juu yake?"

"Hanywi, afande! Nilimchemshia mimi, kifurushi kizima, kama nilivyoambiwa."

"Basi labda ulichanganya na dawa nyingine." Kalamu ikaanza kuandika.

Anjelika akajishika kichwa. "Mimi? Nimdhuru mume wangu mimi?"

Njia ilikuwa nyeupe. Mama amepona, nami nimepona. Nakiri kwamba moyo wangu ulishangilia, kisha nikajichukia kwa furaha hiyo. Nikamtazama mama. Alikuwa anamtazama Anjelika, mkono mbovu ameuficha chini ya kanga, midomo ikimcheza kama mtu anayesali.

"Lidwina, kaa chini," akasema.

Kumbe nilikuwa nimekwisha kusimama.

"Afande, nipe bahasha nyingine."

Nikalivuta kopo, nikachota. Kiganja kikajaa, nikafumba, nikamwaga. Bahasha ikavimba.

Anjelika akaichungulia. "Ndicho hiki," akasema taratibu. "Kilikuwa kingi hivi."

"Niliipima mimi," nikasema. "Nyuma ya lile pazia. Mkono wa mama haufumbi tangu Juni, na huyu dada hakuchanganya kitu."

Afande akanitazama, akamtazama mama, akaikata mistari aliyokwisha kuiandika.

"Una usajili?"

"Sina."

"Mtafuatana nami kituoni. Wote wawili."

Mama akanirukia, akaushika mkono wangu wenye unga ili nisitoke. Vidole vyake havikufumba. Mkono wangu ukapita katikati yake bila hata kuvutwa.