Vishimo Chini ya Paa

Kwii. Kimya. Kisha tena, kwii, polepole, kama mtu anayefungua kabati la mwenzake asitake kumwamsha. Nilikuwa nimelala macho wazi gizani, mwanangu Tomasi kifuani, na kila sauti iliyoshuka niliijua. Ni msumari mmoja unang'oka kwenye paa letu.

Mume wangu Severin alikuwa juu ya kenchi tangu jogoo la kwanza. Hakuwa mwizi, alikuwa anaezua nyumba yake mwenyewe. Msumari ukitoka aliubana kwa midomo, mdomo ukijaa alishuka akaitia misumari yote kwenye kopo la maziwa, akapanda tena. Bati la kwanza lilipoinuka, nikaona nyota mahali ambapo jana palikuwa peusi kwa masizi.

Agnes, binti yetu wa miaka saba, akaamka. Akauliza kama tunahama tena. Nikamwambia hapana, alale.

Kuhama alikujua. Tulikuwa tumepanga chumba Mji Mpya, karibu na kiwanda alichofanyia kazi Severin, fundi wa mitambo ya kufumia, miaka kumi na miwili. Kiwanda kikauzwa, mwekezaji akaja na watu wake, Severin akarudi nyumbani na kiinua mgongo ndani ya bahasha. Mwezi huohuo sukari ikapanda, unga ukapanda, na mwenye nyumba naye akapandisha. Tulipochelewa hakututukana. Alikuja na bisibisi, akang'oa mlango, akaondoka nao begani. Siku tatu tulilala nyuma ya kanga yangu niliyoitundika kwa misumari miwili. Tangu hapo Severin akiona karatasi yoyote inayodai kitu, mkono wake unakwenda kwenye mlango, anaushika bawaba.

Ndipo tukapanda huku Bigwa, mlimani kabisa, ambako hakuna anayedai pango. Tukafyatua matofali, tukajenga vyumba viwili, na kile kiinua mgongo kikaishia kwenye bati kumi na nne. Miaka kumi na miwili ya kiwanda ilikuwa juu ya vichwa vyetu, na mvua ikinyesha tuliisikia.

Sasa Manispaa ilikuwa inakuja kuhesabu nyumba. Tangazo nililisoma mimi, limebandikwa kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, na watu walinizunguka niwasomee kwa sauti, maana walijua ninasoma masomo ya jioni. Nyumba ya bati inayokaliwa na watu itapewa namba na italipa kodi ya jengo kila mwaka. Kibanda cha shamba cha nyasi hakiandikwi. Mzee Eustace, jirani yetu wa juu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa utulivu kwamba yeye kuanzia leo ana kibanda cha shamba. Watu wakacheka. Severin hakucheka. Jioni ile alikwenda kukata nyasi.

Nilimwambia nililolijua. Mwalimu Juliana, anayetufundisha jioni, mchana anafundisha shule ya msingi ya hapo chini, na alikuwa ametuambia kwamba mwaka huu darasa la kwanza wanaandikisha kwanza watoto wenye namba ya nyumba. Waliobaki watangoja mwakani, nafasi zikiwapo. Agnes mwaka jana alikwishangoja. Kila nikirudi kutoka darasani, mkono una chaki bado, tulikuwa tunacheza usaili. Mimi mwalimu, yeye mwanafunzi. Unaitwa nani? Baba yako nani? Unaishi wapi? Kisha anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa ashike sikio la kushoto, waone kama umri umefika. Sikio alikwishalifikia muda mrefu.

Severin alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akanijibu bila ukali:

“Leo namba, kesho deni, keshokutwa mlango. Mama Agnes, mimi mlango wangu sitoi tena.”

Nikamwambia kama ni hivyo, bora twende Kinole kwa mama yangu. Nililisema kwa hasira, na nilijua linavyomchoma. Kule kwetu shamba ni la upande wa mama. Angelima kwa ruhusa ya wajomba zangu, mtu mzima na ufundi wake, akingoja kuonyeshwa mpaka. Hakutaka kwenda Kinole, wala hakutaka kuandikwa mjini. Alitaka tukae tulipo, ila tusionekane.

Jua lilipotoka bati zote zilikuwa chini ya kitanda, zimefungwa kwa mikeka, na kitanda kimeinuka mpaka Agnes akawa anakipanda kwa kigoda. Severin akaanza kuezeka. Mtambo wa kufumia angeufungua na kuufunga gizani, lakini nyasi hakuwahi kuzishika. Alianzia juu, kwenye mgongo wa nyumba, akawa anashuka. Mimi mtoto wa mlimani nilijua nyasi huanzia chini, ili ya juu ilalie ya chini. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaona damu kwenye vidole vyake, nikaufunga.

Alasiri ukungu ulishuka kutoka Uluguru na mvua nyuma yake. Haikuvuja tone moja moja, iliingia kama imekaribishwa. Niliwaweka watoto chini ya meza, juu ya meza nikatandaza mfuko wa mbolea. Tomasi akaanza kukohoa, kile kikohozi kikavu kinachovuta mbavu ndani. Severin alikaa kitandani juu ya bati zake, maji yanamtiririka usoni, anamtazama mtoto. Kila Tomasi akikohoa, yeye alifumba macho.

Alhamisi saa nne karani wa Manispaa akafika. Mtu wa makamo, mabuti yamejaa tope, daftari amelifunga ndani ya nailoni. Jina lake alisema Hassani. Agnes akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa moyo, akamuuliza yuko darasa la ngapi. Agnes akanitazama.

Severin alimpokea kwa heshima, akamwambia hiki ni kibanda cha shamba tu. Wenyewe tunakaa Kinole kwa wakwe, hapa tunakuja kupalilia na kurudi.

Karani alitazama nyasi muda mrefu kidogo.

“Aliyeezeka hii,” akasema, “alikuwa na ugomvi na mwenye nyumba?”

Severin akatabasamu kwa taabu. Karani akazunguka nyumba, nami nikamfuata na mtoto mgongoni. Alisimama upande wa nyuma, akainama. Chini, sambamba na ukuta, kulikuwa na mstari wa vishimo vidogo, vimeachana kwa nafasi moja, kama vimepimwa kwa rula. Mimi nilivifagia kila asubuhi kwa miaka miwili na sikuwahi kuviona. Ni matone. Maji yanayodondoka kwenye nyasi huanguka ovyo, bali ya bati hushuka mfereji kwa mfereji, mahali palepale, mwaka hadi mwaka. Severin alificha bati na misumari, lakini ardhi ilikuwa imeshika hesabu yake.

Karani aliingiza ncha ya kalamu kwenye kishimo kimoja, akaitoa, akaifuta kwenye suruali. Mgongoni kwangu Tomasi akakohoa. Karani akamtazama, akanitazama mimi. Aliporudi mbele kwa Severin sauti yake ilikuwa ya chini.

“Ndugu yangu, mimi siingii chumbani mwa mtu kupekua. Ninaandika ninachoambiwa na mwenye nyumba. Ukiniambia hapakaliwi, basi siandiki. Ila nikishuka, sipandi tena mwaka huu.”

Severin akasema hapakaliwi.

Karani akafunga kalamu kwa kifuniko chake. Niliusikia ule mlio mdogo. Nilimwona mume wangu akishusha mabega, na nilimpenda, na niliogopa. Kalamu ile ikishuka mlimani, mwakani Agnes atakuwa na miaka minane na sikio lilelile. Masika yote tutalala chini ya meza na bati zetu chini ya kitanda, maana akizirudisha tu, majirani wataona na maneno yatashuka mjini. Tungekuwa na paa lakini tungekaa tumelilalia.

“Bwana karani, subiri kidogo,” nikasema.

Severin akageuka. Kumkatalia mume mbele ya mgeni ni jambo ambalo mama yangu hakuwahi kulifanya, na mimi pia sikuwahi. Nilitaka kusema habari za shule, za namba, na kwamba kodi nitaichangia kwa kuuza maandazi na kwa kuwaandikia watu barua zao. Lakini nilimwona Severin tu, ameshika bawaba ya mlango.

Agnes alikuwa amesimama kati yetu. Karani alichuchumaa mbele yake, daftari gotini.

“Na wewe binti,” akamuuliza, kama mtu anayepoteza muda, “unaishi wapi?”

Lilikuwa swali letu la jioni, neno kwa neno. Agnes alimtazama baba yake. Severin angeweza kutikisa kichwa, na mtoto angenyamaza. Aliangalia paa alilolianzia juu, akamwangalia Tomasi, kisha mkono wake ukaachia bawaba, ukaning'inia.

Agnes akasimama wima. Akapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, akashika sikio la kushoto.

“Tunaishi hapa.”