Picha Nne za Chumba Kimoja

Picha za ndani zilikuwa nne. Ya kwanza kitanda, ya pili kochi, ya tatu jiko la gesi, ya nne meza yenye ua la plastiki. Penina akaziangalia kwenye simu akiwa Dar, akajumlisha mwenyewe: chumba cha kulala, sebule, jiko na pa kulia chakula. Ya tano ilikuwa stesheni ya reli ya enzi za Mjerumani, imeandikwa chini yake "Kaa katikati ya historia". Miaka yote aliyosoma Dodoma alilala hosteli ya chuo, studio hakuwahi kuiona. Akalipia hapo hapo.

Walipofika Chang'ombe ya Dodoma, yeye na mumewe Lameck, ikabainika kwamba mpiga picha alisimama sehemu moja tu, akawa anageuka.

"Dada Hamida," Penina akamuuliza mwenye nyumba, "vyumba vingine viko wapi?"

"Hii ni studio, mdogo wangu. Kila kitu humo humo."

"Na milango?"

"Upo huo uliopitia. Na wa choo."

Stesheni nayo haikuonekana. Dirishani kulikuwa na ukuta.

Wangekuwa wao wawili tu, wala isingekuwa shida. Lakini Raheli, mama yake Penina, alikuwa tayari kwenye basi kutoka Mtera, anakuja kumwona bintiye akivaa joho. Na kwao mama mkwe na mkwe hawalali chumba kimoja, hawapeani mkono, hata kutazamana hawatazamani. Lameck, mtoto wa Kibaigwa, alishika adabu hiyo kuliko wazee wenyewe. Tangu aoe, mama mkwe alikuwa anamjua kwa mgongo. Na wiki hiyo ya mahafali gesti zilikuwa zimejaa. Lameck alizunguka mji mzima akarudi na vumbi.

Halafu Penina alikuwa na habari. Lameck kahamishiwa kazi Dodoma, mwezi ujao wanahamia, basi moja tu kufika kwa mama. Alipanga kuisema kesho, akiwa ndani ya joho. Alikuwa ameibana tangu Dar mpaka mataya yanauma.

Mama akafika. Lameck akatoka nje akautazama ukuta mpaka alipopita. Mama akazungusha macho chumbani, kazi ambayo haikuchukua muda.

"Na mkwe wangu analala wapi?"

"Humu humu, mama. Tutatundika kitenge."

"Kitenge."

"Viwili."

Mama akakaa kwenye ncha ya kiti, kitanda hakukigusa. "Leo nimechoka, nitajilaza hivyo hivyo. Alfajiri narudi Mtera. Joho nitaliona kwenye picha."

"Mama, picha ndizo zilizotufikisha hapa."

"Usinichekeshe. Nimekasirika."

Vitenge vikatundikwa. Upande wa mama kikabaki kitanda na choo, upande wa Lameck jiko na mlango wa nje. Lameck akibanwa anakwenda kituo cha mafuta, na kwa kuona aibu kuingia bure, ananunua kiberiti. Mpaka jioni walikuwa na viberiti vya kufungulia duka.

Maongezi yote yakawa yanapitia kwa Penina.

"Penina, mpe mama shikamoo."

"Mama, Lameck anakuamkia."

"Mwambie marahaba. Muulize, wazazi wake hawajambo?"

"Hawajambo," Lameck akasema, kisha akashtuka. "Mwambie hawajambo."

"Mama, hawajambo."

"Mwambie nimefurahi kusikia," akasema mama, ambaye alishasikia mara mbili.

Jioni joho likatolewa kwenye mfuko, limekunjamana kama lililolaliwa na mbuzi. Penina akaenda kuazima pasi kwa Hamida, na Hamida haishiwi maneno, akachelewa. Aliporudi, mkono uko kwenye kitasa, akasikia sauti ndani. Akasimama.

"Penina," mama alikuwa anasema, "mwambie mkwe wangu maharage yanaungua."

Sufuria ikasogezwa.

"Penina, mwambie mama nimeongeza maji."

"Muulize, ya moto au ya baridi?"

"Mwambie ya moto."

"Mwambie kalelewa huyo."

Penina kule nje hata kukohoa hakuthubutu.

"Penina," Lameck akasema. "Mwambie mama asiondoke kesho. Wewe ukimwambia utalia. Mwambie kila ulipofaulu mtihani, wa kwanza kupigiwa simu alikuwa yeye, mimi wa pili. Mimi nitakaa nyuma kabisa, nitageukia ukutani. Na mwambie mwezi ujao tunahamia Dodoma."

Penina akafumba macho. Habari yake aliyoibana njia nzima imetoka kwa mdomo wa mtu mwingine, halafu yeye ndiye anayetumwa kuipeleka.

Ndani kitanda kikalia. Mama amekikalia.

"Penina, mwambie mkwe wangu asigeuke. Akigeuka, mke wake atapigiwa makofi na nani? Nitageuka mimi. Basi la kesho nimeliacha. Ila hiyo nyumba yenu iwe na milango. Sizungumzii picha ya mlango."

"Penina, mwambie nimesikia."

Penina akasubiri kidogo, akagonga, akaingia, akaiweka pasi mezani kando ya ua la plastiki.

"Lameck, mama anasema milango."

"Mwambie nimesikia."

"Mama, amesikia."

"Afadhali," mama akasema kutoka nyuma ya vitenge. "Maana nilikuwa sina uhakika."