Mkono, Shemeji

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili watu wa mji wetu wa Waiuri watakaosoma haya wasipate raha ya kulisema wao. Ila nilikuwa mjinga wa nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili ilikuwa na mjinga wake, na nitamfikia. Sina haraka naye.

Jina langu ni Jabez Trevorrow. Nilizaliwa Cornwall, Uingereza, nikaletwa New Zealand nikiwa na miaka tisa, na tangu hapo maisha yangu yamekuwa makaa ya mawe na raga. Pua nimevunjwa mara tatu, mbavu niliacha kuhesabu, na jiwe la mgodini liliondoka na vidole vyangu viwili vya mguu. Na jiwe sina ugomvi. Niliyekuwa na ugomvi naye ni shemeji yangu, Dugald Rennie.

Dugald amemwoa dada yangu Loveday. Miaka kumi na moja tulichimba pamoja chini, na kila Jumamosi tulicheza pamoja juu, mimi na yeye mbele kabisa ya skramu, lile rundo la wachezaji wanaosukumana kwa mabega. Wakati ule skramu yetu ilikuwa na vichwa viwili mbele, si vitatu kama ya Waingereza. Vichwa viwili, shingo kwa shingo, sikio likisuguana na sikio. Sikio langu la kushoto lilivyo leo, limekunjamana kama kabeji iliyochemshwa, ni kazi ya kichwa cha Dugald. Lake la kulia ni kazi yangu.

Chini mgodini tulikuwa na neno letu. Ukiwa umelala ubavu kwenye mwanya wa futi mbili, huwezi kugeuka. Mwenzako aliye nyuma akitaka sururu husema, "Mkono!" Nawe unapeleka nyuma ulichoshika, bila kutazama, bila kuuliza. Anayegeuka kutazama hugonga kichwa kwenye jiwe, na hafanyi hivyo mara mbili. Neno lile tulilipandisha mpaka uwanjani. Nikikamatwa na watu watatu, nikisikia "Mkono, Jabe!" mgongoni, mpira ulikuwa umeshaondoka kabla sijafikiri. Na yeye hivyo hivyo.

Basi mwaka 1908 ikatangazwa kwamba timu ya Waingereza na Wawelisi, iliyosafiri baharini wiki sita kuja kututembelea, itacheza Waiuri. Hata makasisi walianza kumaliza ibada mapema. Nahodha wetu alikuwa Dugald, na orodha ya wachezaji ikabandikwa kwenye mlango wa posta. Niliisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Mahali pangu palikuwa na Wilf Pascoe, kijana muuza nyama, mwenye shingo kama ya bata.

Nilimkuta Dugald mdomoni mwa mgodi, zamu zikibadilishana, watu wamejaa.

"Shemeji," nikamwambia, "naona karatasi imesahau jina langu."

"Haikusahau. Nimelitoa mimi."

"Kwa kosa gani?"

"Kosa la miaka thelathini na nne. Miguu yako imezeeka, Jabe. Juzi mazoezini nilidhani umesimama kupumzika, kumbe ulikuwa unakimbia!"

Watu wakacheka mpaka taa zikatikisika kofiani. Mimi pia nilicheka, maana utani ulikuwa mzuri. Ndicho kilichoniuma zaidi. Mtu akikutukana vibaya unaweza kumsamehe. Akikutukana vizuri, watoto wa mji mzima watalikariri. Kesho yake mke wa mwokaji aliniuliza kama nimekuja dukani kwa kukimbia au nimesimama tu.

Nilimtakia Dugald mambo ambayo siwezi kuyaandika, kwa kuwa dada yangu anasoma.

Siku ya mechi, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Wageni walifika wamelowa na pungufu. Mmoja alikuwa na bega lililoteguka, wawili homa, na wengine walikuwa wamekwama ng'ambo ya mto uliofurika. Wakabaki kumi na wanne, na raga inataka kumi na watano. Siku zile mgeni akipungukiwa na mtu, mwenyeji humtafutia. Nahodha wao, daktari mmoja mrefu aitwaye Hartnoll, akaja kwenye banda letu, kofia mkononi.

"Tunaomba mtu aliyezaliwa kwetu," akasema. "Awe na shingo. Mengine tutavumilia."

Dugald akaninyooshea kidole. "Mchukueni huyo. Amezaliwa Cornwall, na leo hana kazi."

Nilipaswa kuuliza kwa nini anatabasamu. Sikuuliza. Niliona mbingu zimefunguka na kisasi changu kinashushwa kwenye sinia. Nikapanda juu ya benchi.

"Shemeji, tuahidiane mbele ya watu! Mkishinda, jezi yangu ya Waiuri naileta mwenyewe mlangoni kwako, na sitaiomba tena maisha yangu yote. Tukishinda sisi, unanirudishia mahali pangu mbele ya watu hawa hawa, kwa mdomo wako."

"Nakubali," akasema Dugald. "Mwambie Loveday aifue kwanza."

Nikavaa jezi ya wageni, nyekundu yenye mistari mipana myeupe. Nikazomewa na watu niliowabeba begani wakitoka mgodini na miguu iliyovunjika. Jina langu lilitajwa pamoja na wanyama kadhaa.

Kwenye skramu ya kwanza nikakutana na Wilf. Nikamwekea sikio.

"Karibu, muuza nyama. Leo wewe ndiye nyama."

"Mjomba Jabe, polepole basi!"

"Leo mimi si mjomba wako."

Nilimkunja, nikamkandamiza, nikamlisha matope ya uwanja alikochunga ng'ombe baba yake. Kila skramu ilipovunjika nilimtazama Dugald, si Wilf. Nilitaka aone. Baada ya robo saa uwanja ulikuwa uji. Nyekundu na nyeupe ya wageni, nyeusi na kijani ya Waiuri, zote zilikuwa rangi moja, rangi ya matope.

Ndipo ulipokuja ujinga wangu. Nilikuwa nimeuokota mpira karibu na mstari wa goli wetu sisi wageni, nimeshikwa kiunoni, matope machoni. Mgongoni nikasikia, "Mkono, Jabe!"

Mkono ukaenda.

Nilisikia uwanja mzima ukilipuka. Nikafuta macho. Dugald alikuwa amelala juu ya mpira nyuma ya mstari, akicheka mpaka matope yanamtoka puani. Pointi tatu kwa Waiuri. Teke la ziada likaenda pembeni, lakini nani alijali?

"Asante, shemeji," akaniambia akiinuka. "Ulidhani nimewapa wewe kwa upendo? Kati ya wachimbaji wote waliozaliwa Uingereza, wewe tu ndiye ninayejua mahali pa kukubonyeza!"

Daktari Hartnoll alikuwa mtu mpole. Alinisogelea, akasema, "Trevorrow, sisi kwa desturi mpira huwapa wenzetu."

Wakati wa mapumziko tulitafuna ndimu. Nilitafuna yangu na maganda. Hasira ilikuwa imenipanda mpaka ikapita, ikaniacha nimetulia kabisa, na hapo ndipo mimi huwa mbaya. Nilianza kukumbuka. Miaka kumi na moja nilikuwa nikipeleka sururu nyuma kila nilipoitwa. Lakini nani alikuwa akiita nyakati nyingine? Nani alikuwa akiipokea?

Kipindi cha pili nilifunga mdomo wangu. Dugald alijaribu neno lake mara mbili zaidi, nami mara zote mbili niliuma meno na kuubana mpira kifuani. "Umezeeka na masikio pia?" akanipigia kelele. Nafasi nilipata mara moja katikati ya uwanja, naye amebanwa, mgongo umenielekea. Nikaiacha ipite. Kumnyang'anya mpira katikati ya uwanja kungekuwa wizi tu. Mimi nilitaka kumzika, na nilitaka azikwe mlangoni kwake, mji mzima ukiangalia.

Zilibaki dakika chache. Mmoja wetu akaupiga mpira mbali, nami nikaukimbilia na miguu yangu ya kizee. Nikateleza, nikaupita, nikaishia kifudifudi kwenye matope, hatua mbili kutoka mstari wa Waiuri. Dugald akauokota, akakimbia mbele hatua tano, sita, akajibamiza kwa Wawelisi watatu. Wakamkumbatia. Hakuanguka, maana Dugald haanguki kwa urahisi, hilo nampa. Akasimama pale akihangaika, macho yamezibwa na matope, mgongo wake kwangu.

Nikainuka, nikasogea taratibu. Niliongea kwa sauti ile ile ya chini, ya mwanya wa futi mbili.

"Mkono, Duga."

Mpira ukaja. Ulikuja vizuri, laini, kifuani pangu, kama alivyoniletea siku zote. Nikageuka, nikapiga hatua chache na kujilaza nyuma ya mstari kama mtu anayejilaza kitandani kwake.

Kisha Dugald akageuka, akafuta macho, akaona. Ningeweza kuishi mwaka mzima kwa kuutazama uso ule.

"Refa!" akapiga kelele. "Refa, ameniita kwa jina!"

"Nimesikia," refa akasema. "Na wewe ukampa. Mimi nipige filimbi ya nini?"

Daktari akapiga teke la ziada, la pointi mbili, likapita katikati ya milingoti. Tano kwa tatu. Mechi ikaisha.

Jioni timu zote mbili zilikula pamoja kwenye ukumbi wa kanisa, kama ilivyo desturi. Kulikuwa na kondoo wa kuchoma na vile vikate vyetu vya Cornwall vyenye nyama na viazi ndani. Loveday ndiye aliyekuwa akigawa. Nilingoja Dugald ale kidogo, kisha nikagonga meza kwa kijiko.

"Shemeji, watu ni hawa hawa. Mdomo wako uko wapi?"

Dugald akasimama, mwekundu mpaka masikioni. "Sisemi kitu! Huko si kushinda, ni kudanganya."

"Kudanganya nimefundishwa leo leo, saa tisa na nusu. Mwalimu yuko mbele yangu."

"Miguu yako imezeeka! Naisema tena. Mpira hukunipokonya, wala hukunizidi mbio!"

"Lakini mwishowe mpira alikuwa nao nani?"

"Nilikupa! Nilikupa bure! Nimebanwa na watu watatu, sioni, siwezi kupumua, nasikia sauti ya Jabe, mkono unaenda wenyewe! Mtu yeyote angefanya hivyo! Hiyo ni sababu ya kumrudisha mtu kwenye timu?"

Wilf Pascoe akainamia sahani yake. Wageni walikuwa wameacha kutafuna. Loveday akaweka sinia mezani, akajifuta mikono kwenye aproni, akamtazama mumewe.

"Dugald," akasema, "ulikuwa na watu kumi na wanne uliowachagua mwenyewe. Ulipobanwa, mpira ulimpa yule uliyemwacha."