Mguu wa Nyuma wa Kushoto

Kituoni pale hakuna farasi aliyeanza kazi bila kupita kwanza masikioni mwa Mzee Sikio. Jina hilo alibandikwa na wenzake, naye akalizoea hata akawa analiitikia upesi kuliko lile alilopewa na babake. Kazi yake ilikuwa kuwafunza farasi, na watu wa kuwaongoza, ili wawabebe wagonjwa ambao miguu imewagomea. Farasi akitembea polepole, mgongo wake huzungusha nyonga za aliyempanda vilevile kama zinavyozunguka mtu anapotembea kwa miguu yake mwenyewe. Mgonjwa akibebwa hivyo wiki baada ya wiki, mwili huanza kukumbuka. Lakini mwili ni mwanafunzi asiyechagua: ukifundishwa sawa hushika sawa, ukifundishwa kombo hushika kombo. Ndiyo maana farasi wa kazi ile ilikuwa lazima awe na hatua zinazolingana.

Basi kila farasi mgeni alipitishwa kwenye ujia wa saruji kati ya mabanda na uwanja, huku mzee amekaa kwenye benchi, amefumba macho, anasikiliza kwato. Mahali pengine hutumia kamera na vipimo. Yeye alitumia masikio, na kwa miaka kumi na tisa hayakuwahi kumdanganya. Binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa tabibu wa viungo wa kituo, hakumpandisha mgonjwa yeyote kabla ya neno la baba.

Siku alipoletwa yule farasi jike wa kahawia, mzee alifumba macho kama kawaida. Kwato zikaja: moja, mbili, tatu... nne. Moja, mbili, tatu... nne. Mguu wa nyuma wa kushoto ulichelewa kidogo, kidogo mno, kama mtu anayetaka kusema jambo halafu anasita. Mwingine asingesikia. Mzee alisikia, akafumbua macho palepale kwenye benchi, kwa sababu mkewe alikuwa akitembea hivyohivyo.

Mama watoto alivunjika nyonga utotoni, ikaunga vibaya. Kwa miaka thelathini na minne alipita kwenye korido ya nyumba yao mguu wa kushoto ukichelewa nyuma ya mwenzake, na mumewe, popote alipoketi, alimjua kabla hajamwona. Akasogea kwenye kochi, akamwachia nafasi. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu tangu wamzike. Picha zake zilikuwepo. Sauti yake ilikuwemo kwenye simu, akimkumbusha asisahau sabuni. Kilichotoweka kabisa ni ile hatua, na ndiyo mzee aliyoitamani kuliko vyote. Nani angefikiria kurekodi hatua?

"Vipi, baba?" binti aliuliza, kalamu mkononi.

"Amechoka na safari," mzee akajibu. "Tumpe muda."

Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kazini, na kwa mtu asiyeuzoea aliusema vizuri sana.

Kusema haki, yule farasi alikuwa mpole kupita kiasi. Mzee alimfungulia mwavuli puani, akamdondoshea magongo miguuni, akamzungushia kiti cha magurudumu ubavuni, akamrushia mpira. Farasi alitazama tu, kama mama mkwe anayevumilia wageni. Kwenye jukwaa la kupandia alisimama kimya hata akatuliwa na nzi. Alikuwa na kila kitu isipokuwa mguu mmoja.

Tatizo ni kwamba mzee alianza kumpitisha kwenye saruji zaidi kuliko ilivyohitajika. Asubuhi mara mbili, jioni mara mbili, wakati njia ya nyasi ilikuwepo na ni fupi zaidi. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wenzake wakampachika farasi yule jina la Shemeji. "Shemeji kaamkaje leo?" walimuuliza mzee kila asubuhi, naye akacheka nao, akajibu kuwa shemeji yao hajambo ila hapendi watu wavivu. Hawakujua wanachochokonoa. Usiku alilala vizuri, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa muda mrefu.

Wiki tatu zikapita, fomu ikabaki mezani bila sahihi. Akiandika "Anafaa," farasi angebaki kituoni miaka na miaka. Akiandika "Hafai," angerudishwa kwa mwenyewe, shambani, safari ya siku mbili kwa lori, na ile hatua mzee asingeisikia tena mpaka anaingia kaburini. Na kulikuwa na mgonjwa anayesubiri: mwanamke fundi cherehani, aliyepigwa na kiharusi kikamlemaza upande mmoja. Alikwisha kuja mara moja kumpapasa Shemeji shingo. Alimwambia binti kuwa hatafuti makubwa. Anataka tu kutoka kwenye cherehani yake mpaka mlangoni bila wateja kumkodolea macho. Angeanza Jumatatu.

Ijumaa mzee aliwapandisha wanafunzi wake wanne wa uongozaji mgongoni mwa Shemeji. Sheria yake ilikuwa haibadiliki: hushiki paja la mgonjwa asianguke kabla wewe mwenyewe hujakaa juu nusu saa, macho yamefungwa kitambaa, ukajua maana ya kubebwa. Zamu ya mwisho ilimwangukia mgawa barua mstaafu, bonge la mtu, mcheshi, aliyesema farasi ndiye aombewe. Akazungushwa nusu saa. Akashushwa. Akavua kitambaa, akaenda kunywa maji kwenye mtungi uliokuwa pembeni ya uwanja.

Mtu akishuka, mwili hubaki na mwendo wa farasi kwa hatua chache kabla ya kurudia wake. Mgawa barua hakujua. Alikwenda zake anatafuta kikombe, na mguu wake wa kushoto ukawa unachelewa. Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama Shemeji amemng'ata.

Mzee hakucheka. Mkewe alikuwa anakwenda kwenye mtungi, ndani ya mwili wa mwanamume mnene mwenye kipara, na kwa hizo hatua sita au saba mzee alitaka kumkimbilia yule mtu amshike mkono. Kisha mgawa barua akafika kwenye mtungi, akageuka, akarudi akitembea kama mgawa barua.

Hapo ndipo mzee alipomkumbuka fundi cherehani. Yule hangepoteza mwendo baada ya hatua saba. Angeushika maisha. Na likamjia jambo ambalo kwa wiki tatu alikuwa akilikwepa, nalo lilimchoma: mkewe aliuchukia ule mguu. Alitaniwa nao tangu shule, akalia nao akiwa mwari, na hata uzeeni aliwahi kumwambia mumewe kitandani, "Ungenyooka hata siku moja tu, ningekwenda sokoni na kurudi, watu wasinitazame." Mzee alisahau. Hatua aliyokuwa akiitamani yeye ndiyo iliyomtesa mkewe.

Akaenda ofisini kwa binti yake. Dirisha linalotazama ujia wa saruji lilikuwa wazi, kama lilivyokuwa wazi siku zote hizo, iwe baridi, iwe joto. Akaichukua fomu, akaandika "Hafai. Mguu wa nyuma wa kushoto," akatia sahihi. Kisha akabaki amesimama kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Nilisikia tangu siku ya kwanza," akasema. "Nisamehe, mwanangu. Nilikudanganya."

Binti hakuinua uso. Alikuwa akiitazama ile sahihi.

"Na mimi nilisikia, baba. Unafikiri hili dirisha naliacha wazi kwa ajili ya nini?"

Mzee akavuta kiti. Walikaa hivyo, tabibu na mfunzaji, wote wawili wakosaji, wala hakuna aliyemlaumu mwenzake. Mwishowe binti akapiga simu, akamwomba fundi cherehani awavumilie wiki mbili, apatikane farasi mwingine.

Lori la kukodi lilikuja Jumamosi asubuhi, likaegeshwa upande wa nyasi. Binti akamwomba dereva alizungushe mpaka mwisho wa ujia wa saruji. Dereva akanung'unika, lakini akalizungusha. Mgawa barua akapewa kamba, na safari hii hakufanya mzaha wowote. Penye chozi mtu mzima hujua.

Mzee aliketi kwenye benchi lake, akafumba macho. Binti akasimama kando yake. Kutoka mabandani zikaanza kuja, mbali, kisha karibu: moja, mbili, tatu... nne.

Zilipokaribia benchi, mzee, macho yamefumbwa vilevile, akasogea pembeni kidogo, akaacha nafasi. Binti aliiona nafasi ile. Alikuwa amechoka kusimama, lakini hakuikalia.