Mama Patasi na Ukuta wa Wanaosubiri

Siku msanifu majengo alipokuja chuoni kumwambia mwalimu wake wa zamani kwamba ukuta wake unabomolewa, alimkuta amesimama juu ya meza, viatu mkononi, akiwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza jinsi chumba kinavyobadilika ukikitazama kutoka juu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Panda na wewe. Au suti imekataza?"

Akapanda, na suti yake, na wanafunzi wakacheka.

Walimwita Mama Patasi. Kwa kazi alikuwa mchongaji wa sanamu. Usanifu majengo hakuusomea popote. Chuo kilimchukua zamani sana afundishe ufinyanzi kwa muhula mmoja tu, mwalimu wa somo alipougua, naye hakuondoka tena. Aliwapa wanafunzi udongo kabla hawajashika penseli. Aliwafunga macho kwa vitambaa akawapitisha korido nzima wakipapasa kuta. "Jengo ni sanamu ambayo mtu anaingia ndani na viatu vyake," alikuwa akiwaambia, huku akizunguka katikati ya meza kama mtu aliyepoteza funguo. Hakuna aliyewahi kumwona amekaa. Kiti chake kilikuwa cha kuwekea mikoba ya wanafunzi.

Msanifu huyu alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo. Mama Patasi ndiye aliyempa jina la Rula, kwa sababu alikuwa hawezi kukata hata mkate bila kuupima kwanza. Wanafunzi walipotoka, Rula akamweleza. Zahanati ya mtaani inapanuliwa. Wagonjwa wamezidi, ukumbi wa kusubiria haupumui, na sehemu pekee ya kutoboa ni upande wa uani. Ukuta uko upande huo huo wa uani.

"Lini?"

"Mafundi wanaingia wiki ijayo. Nilitaka usikie kwangu kwanza."

"Nimesikia," akasema, akavaa viatu, cha kushoto mguu wa kulia, akatoka hivyo hivyo.

Ukuta ule aliufanya akiwa binti. Ilikuwa safu ya watu wa zege, wa ukubwa wa watu kweli, kila mmoja kwenye kipande chake kilichopachikwa ukutani: mjamzito aliyejishika kiuno, mzee aliyesinzia, mtoto anayechungulia nyuma ya mgongo wa mtu. Mwishoni kabisa, karibu na dirisha la dawa, alikaa mwanamke aliyelaza mikono mapajani, viganja juu. Sura ya mwanamke yule ilikuwa ya mama yake. Waliolijua hilo ni wawili tu, yeye na dada yake mkubwa.

Dada alikuwa fundi cherehani. Wote wawili walikuwa wajane, na waliishi pamoja kwenye nyumba ambayo dada aliijaza vitambaa na mdogo mtu aliijaza vumbi. Jioni ile Mama Patasi aliosha masufuria yaliyokwisha kuoshwa. Akasogeza kabati. Akalirudisha.

"Umekalia siafu?" dada akauliza bila kuinua macho kwenye mshono.

Akamweleza. Cherehani ikanyamaza.

"Na mama?"

"Mama ni zege, dada."

"Sikukuuliza ni nini. Nimekuuliza, na mama?"

Mama Patasi akalisogeza tena kabati. Dada alikuwa na presha, na kila alipokwenda kupimwa alikaa mwisho wa benchi, akaegemea bega lile la zege, akalisimulia habari za nyumbani kwa sauti ya chini. Watu wa zahanati walishamzoea. Walidhani anasali.

Asubuhi Mama Patasi akaenda zahanati. Alikuwa hajaingia mle kwa miaka, maana kazi zake za ujanani zilimtia aibu kama picha za shule. Akasimama mlangoni akashangaa. Ukuta ulikuwa umebadilika rangi kwa mafuta ya vichwa vya watu. Pua ya mtoto ilikuwa imelika kwa vidole vya watoto. Mzee aliyesinzia alikuwa ameng'aa begani kama kitasa cha mlango. Akataka kucheka kwa furaha, kisha akawatazama walio hai. Mama mmoja alisimama na kichanga, akimpepea kwa kadi ya kliniki. Mwanamume mmoja alikaa sakafuni, kichwa kati ya magoti, miguu ya watu ikimruka. Hewa ilikuwa nzito. Akafumba macho kama alivyowafumbisha wanafunzi wake, akasikia kila kikohozi kikigonga ukuta wake na kurudi kwa wenyewe.

Akaanza kutembea, mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni, mpaka nesi akamwita. "Mama, chukua namba ukae."

"Mimi siumwi."

"Basi mbona hutulii?"

"Nikae wapi?" akauliza, na nesi naye akatazama huku na huku, asione nafasi.

Akatoka uani, akampigia simu Rula. "Toboa. Lakini mafundi wako wasiguse watu wangu. Nitawatoa mwenyewe."

"Mwalimu, ile kazi ni nzito. Umri nao..."

"Umri haubebi nyundo. Anayebeba ni mkono."

Siku ya kazi zahanati ilifungwa, wanafunzi wakaja na tindo, na Rula akaleta mashine ya kukatia na winchi ya mnyororo ya kushushia vipande. Vumbi likawafanya wote kuwa wazee. Mjamzito alitoka mzima. Mzee alitoka mzima, na mwanafunzi mmoja akamwambia pole kwa kumwamsha. Mama Patasi alikuwa kila mahali, anapiga, anapuliza, anawasogeza watu, anamfokea Rula kwa kupima tena kilichokwisha kupimwa.

Yule mwenye sura ya mama aliachwa wa mwisho. Dada alikuja kushuhudia, akasimama uani, mtandio puani. Kipande kikalegea, kikaning'inia, kikaanza kushuka taratibu. Kisha mnyororo ukateleza. Kikashuka ghafla, kikagonga ukingo wa dirisha, na ufa ukapita kuanzia kipaji cha uso hadi begani.

Mashine tu ilikuwa bado inanguruma, mpaka Rula akaizima.

"Umemvunja," dada akasema. Hakupaza sauti. Akageuka akaenda zake.

Vipande vingine vilipelekwa kwenye uwanja wa chuo. Mama alikwenda nyumbani, kwa amri ya dada, akawekwa kando ya cherehani. Tangu hapo dada aliacha kuzungumza na mdogo wake, akawa anazungumza na zege. "Mwambie mwanao chakula kiko mezani." "Mwambie afunge bomba." Mama Patasi alikula amesimama jikoni. Usingizi wake ukawa wa kuokoteza. Darasani aliwavunjisha wanafunzi kazi nzuri bila sababu, akawaomba radhi, akawavunjisha tena.

Kilichomsumbua haukuwa ule ufa. Sasa kwa kuwa mama alikuwa karibu, kwenye mwanga wa dirisha la nyumbani, aliona makosa. Sikio moja halikuwepo kabisa. Na mikono ile, minene, yenye vifundo, haikuwa ya mama. Mama alikuwa na vidole vyembamba. Mama Patasi alikuwa akipita pale kwenda chooni, akipita kurudi, na kila akipita mikono inamtazama.

Asubuhi moja dada alimkuta ameinama mbele ya sanamu, tindo mkononi.

"Usithubutu."

Ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu siku ile. Mama Patasi hakuishusha tindo.

"Mikono si yake, dada. Acha nimrekebishe."

"Najua si yake. Siku uliponionyesha mara ya kwanza nilijua." Dada akavuta kiti akakaa. "Ni yako. Ulikuwa huna mtu wa kumtazama, mama alikuwa ameshakufa. Ukajitazama mwenyewe. Mimi nilipokuwa naegemea pale, nilikuwa naongea na nyinyi wote wawili, mjinga wewe."

Mama Patasi akatazama mikono ya zege, kisha yake. Ya zege ilikuwa michanga kidogo. Akaweka tindo juu ya cherehani, dada akaitoa haraka isichafue kitambaa, na wakanywa chai. Kabla kikombe hakijaisha, mdogo mtu alikuwa ameshasimama dirishani.

Ukumbi mpya ulipofunguliwa, watu waliusifu. Ulikuwa na hewa, mabenchi mengi, na uwazi mpana uliotazama uani. Mama Patasi hakwenda siku ya sherehe. Alikwenda mchana wa siku nyingine, bila kumwambia mtu. Akakuta wagonjwa wamebanana pembeni kama zamani. Jua lilikuwa limeingia moja kwa moja kupitia pale ulipokuwa ukuta, na nusu ya mabenchi mapya yalikuwa matupu, ya moto.

Akamwita Rula kwa simu, na alipofika akamwonyesha benchi la juani. "Kaa hapa."

Rula akakaa. Akakunja uso, akaweka kiganja juu ya macho. "Nilipima, mwalimu."

"Ulipima asubuhi. Watu wanaumwa hata saa nane."

"Tuweke mapazia?"

"Pazia la zahanati unalijua linavyokuwa baada ya mwezi."

Rula akabaki pale pale juani kama mwanafunzi aliyerudishiwa karatasi. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Wewe ungefanyaje?"

Ikawa kazi nyingine. Alitengeneza vibao vya udongo wa kuchoma, virefu, vyembamba, vya kusimamishwa wima kwenye uwazi ule, kila kimoja kwenye chuma kilichokiwezesha kugeuka. Vya mwanzo vilipasuka tanurini. Vya pili vilipinda. Vilivyofuata alivipeleka, na ili kujua kila kimoja kielekee wapi ilimbidi akae kwenye benchi, mahali baada ya mahali, jambo lililowafanya wanafunzi waje kumchungulia. Havikuwa na uso wala mikono. Mtu mmoja aliyepita aliuliza kama ni uzio. Akageuza kibao kingine. Usiku aliota pembe za vibao, asubuhi akaja kuzibadilisha.

Siku ya dada kupimwa presha walikwenda pamoja. Dada akachagua nafasi, akaweka mkoba mapajani, akashusha pumzi. Nje, mdogo wake alikuwa anapita kwenye vibao, anagusa hiki, anageuza kile.

"Dada, jua linakufikia?"

"Halinifikii."

"Sogea kidogo kulia. Hapo je?"

"Halinifikii."

"Na ukirudi nyuma kidogo?"

"Mdogo wangu," dada akasema, na ukumbi mzima ukasikia, "nimekuja kupimwa presha. Wewe ndiye unayeipandisha."

Watu wakacheka, nesi naye akacheka, akaita namba ya dada. Dada akainuka akaingia ndani. Nafasi yake ikachukuliwa na mwanamume mwenye bandeji mguuni, aliyekaa kwa kuguna. Mama Patasi akamtazama kupitia kwenye vibao, akageuza kimoja kwa unene wa kidole, akainama.

"Samahani, baba," akasema. "Hebu sogea kidogo kulia."