Mwambie Kaka Yako

Mama yangu na kaka yangu walikuwa hawasemezani, mwaka wa pili sasa, na nyumba zao zimetenganishwa na ukuta mmoja. Ukipiga chafya huku, kule wanasikia. Lakini salamu, hakuna.

Chanzo ni kibao. Baba alikuwa kinyozi, na juu ya mlango wa saluni yake alitundika kibao alichokichora kwa mkono wake mwenyewe: kichwa cha mwanamume, njia ya nywele ubavuni, jicho moja limepanda juu kuliko jingine, kama mtu aliyekanyagwa kidole. Baba alipofariki, kaka akarithi saluni. Akapaka rangi, akafunga taa, akakishusha kibao. Mama akasimama mlangoni, akamwambia mbele ya wateja, "Umemzika baba yako mara mbili." Kaka akajibu, "Mama, ubao umeoza," kisha akaendelea kunyoa. Nadhani kilichomuuma mama zaidi ni kule kuendelea kunyoa. Hakukanyaga tena pale.

Mimi nashona mahema. Mwaka huu bosi wetu aliamua fundi mmoja afuatane na msafara wa watalii huko ng'ambo, kwenye nyika kwanza na jangwani baadaye, aone mishono inaachia wapi, aizibe papo hapo. Akanichagua mimi kwa sababu ndiye ninayemsumbua kuhusu uzi. Nilikubali kabla hajafunga mdomo.

"Huko kwenye majani matupu unafuata nini? Kwani wewe ng'ombe?" mama aliniuliza. Alipoona nafunga begi hata hivyo, akalegea. "Haya, mtalii. Ukifika nijulishe. Na si kwa maneno tu, nataka nione."

Simu ya mama ni ya vitufe, haipokei picha. Nikamwambia nitazituma zote kwa kaka.

"Basi tena," akasema. "Nitakuona ukirudi."

Nyika yenyewe ni majani, majani, na majani mengine. Hakuna mti wa kuegemea wala ukuta wa kujificha ukitaka kujisaidia. Upepo hauna adabu. Asubuhi mahema yanaamka yamelowa umande, na mshono wowote ulioshonwa kwa uzi wa pamba unaanza kujikunja. Siku ya kwanza nilipiga picha ya kundi la farasi, nikamtumia kaka, nikarudi kwenye sindano yangu.

Jibu lilikuja jioni, neno moja: "Amekuja."

Sikuamini. Kumbe ndiyo hivyo, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mama alikuwa amekwenda mwenyewe, kwa miguu yake, akaketi kwenye kiti cha wateja. Punde ukaingia ujumbe wa sauti, na sauti ilikuwa ya mama.

"Mwanangu, hao farasi wana mwenyewe? Halafu mwambie kaka yako aongeze mwangaza wa simu, naona kiza."

Nyuma ya sauti yake nilisikia mashine ya kunyolea ikinguruma. Yaani kaka alikuwa pale pale, hatua mbili tatu kutoka kwake, na mimi niko nchi ya watu napigwa na upepo. Ningefanyaje? Nikarekodi: "Kaka, mama anasema uongeze mwangaza."

Kaka naye akarekodi: "Mwambie mama mwangaza umefika mwisho. Labda afute miwani."

Nikamwambia mama afute miwani.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila alasiri natuma picha, na kila jioni natumwa mimi. Mwambie kaka yako asogeze kiti. Mwambie mama ajisogeze mwenyewe, kiti kina magurudumu. Mwambie kaka yako amekonda, anakula nini? Mwambie mama nakula chakula. Dereva wa msafara wetu, mtu wa kwetu, mpole, anayecheka kwa mabega, alinisikiliza siku kadhaa, mwishowe akashindwa kujizuia.

"Fundi, hawa watu wako wanakaa nchi mbili tofauti?"

"Hapana," nikamwambia. "Viti viwili tofauti."

Nilikuwa nachoka, nisidanganye. Lakini nilikuwa nikiisikia ile mashine ya kunyolea inazimwa kila mama anapoanza kuongea, na hilo halikuwako mwanzo. Halafu siku moja nilituma picha asubuhi badala ya alasiri, nikamuuliza kaka ameionaje. Akaniandikia: "Sijaifungua. Sifungui mpaka akae." Nilisoma maneno yale nimesimama katikati ya majani, nikapata matumaini. Nikaanza kuwaza kwamba nikirudi, huenda nikawakuta wanapeana chumvi mezani.

Matumaini hayo niliyaharibu mwenyewe.

Tulifika mji wa mwisho kabla ya jangwa. Mtaa mmoja, duka la matairi, duka la maji, na kinyozi. Dereva alikuwa anajaza mafuta, anatuhimiza tupande haraka kwa sababu mchana mchanga unachemka. Mimi nikainua macho, nikakiona. Juu ya mlango wa yule kinyozi kulikuwa na kibao, na kwenye kibao kulikuwa na kichwa cha mwanamume, njia ya nywele ubavuni, macho hayalingani. Ndugu wa kile cha baba, tumbo moja! Nilicheka peke yangu barabarani. Nikapiga picha, nikamtumia kaka na sauti juu yake:

"Kaka, tazama maajabu! Kichwa cha mzee kimehamia huku. Nikishushe na hiki, au nikiache kitishe watu?"

Ilikuwa asubuhi, na asubuhi mama hayuko saluni. Mzaha wangu na kaka tu. Gari likaondoka, nyumba zikaisha, na zile alama za mtandao kwenye simu zikazimika. Hapo ndipo nilipokumbuka. Hafungui mpaka akae.

"Simamisha gari!" nikamwambia dereva.

"Kuna nini?"

"Nirudishe nikafute kitu."

Akanionyesha kwa kidevu magari yaliyokuwa nyuma yetu, watalii wamejifunga vitambaa usoni. Hakusimama, na simlaumu. Mdomo uliponza kichwa, ndivyo ilivyokuwa. Jioni ile mama angeketi, angefuta miwani, kaka angefungua, na sauti yangu ingejaza saluni nzima ikichezea kidonda ambacho sote tulikuwa tunakizunguka kwa kunyata.

Jangwa nililiona, msiseme sikuliona. Mchana hema linawaka kama kikaango, jioni baridi inakufuata mpaka kwenye soksi. Mchanga unaingia kwenye zipu, kwenye chai, kwenye masikio. Watalii walikuwa wanapanda vilima vya mchanga na kushuka wakipiga kelele, na mimi nimekaa kivulini mwa gari nashona, nawaza. Nilijua mama hana umri wa kungoja mwaka wa tatu, wala wa nne. Akiondoka pale kwenye kiti kwa hasira, harudi tena, na kaka hatamfuata. Watakuja kuzikana hawajaulizana hali. Na aliyefunga mlango ni mimi, mjumbe mwenyewe. Niliogopa kweli kweli, mpaka nikashona mfuko wa hema nikaufunga mdomo, ikabidi niufumue.

Tulipotokea upande wa pili, kwenye kituo cha mafuta, simu ilianza kulia mfululizo. Bosi anauliza mishono. Mwenzangu wa kiwandani anataka nimletee zawadi. Nikapekua mpaka chini. Kutoka nyumbani, hakuna kitu. Si neno, si sauti, si picha. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo nilikuwa nausikia kifuani.

Nikapiga. Haikupokelewa. Nikapiga tena, haikupokelewa. Dereva akaniletea chupa ya maji. Mara ya tatu kaka akapokea.

"Eh?"

"Kaka! Mama yuko wapi?"

"Yuko hapa."

"Hapa wapi?"

"Saluni. Kwani vipi?"

"Mzima?"

"Mzima," akasema, na sauti yake ikasogea mbali na simu. "Mama, usitikise ngazi basi!"

Alimwita mama, moja kwa moja, bila kupitia kwangu. Na mama naye nikamsikia, karibu kabisa, anafoka kama zamani.

"Ngazi imetulia, mkono wako ndio unatikisika! Na jicho hilo liko chini mno, hata la kwenye picha ya mtalii limepanda kuliko hilo. Lipandishe. La baba yako lilikuwa juu zaidi, mimi ndiye niliyemshikia ngazi siku hiyo, wewe hata hujazaliwa."

"Nikilipandisha zaidi litatoka nje ya ubao."

"Ungechukua ubao mkubwa. Si ulisema wa zamani umeoza? Haya, nimekubali umeoza. Ungechukua mkubwa!"

Nilikuwa nimesimama na mchanga viatuni, nimebana simu sikioni.

"Nani huyo kwenye simu?" mama akauliza.

"Mtalii."

"Mwambie tuna kazi. Apige baadaye."

Kaka akarudi kwenye simu, akakohoa kidogo.

"Mama anasema upige baadaye," akasema, akakata.

Dereva aliniuliza habari za nyumbani. Nikamwambia hawana nafasi na mimi. Nilifurahi mpaka nikaona wivu, nikajifuta uso kwa kanga iliyojaa mchanga, nikajiumiza macho bure. Kisha nikaomba lile begi la nyuzi, kwa sababu hema la tatu lilikuwa limeachia pembeni, na safari bado ilikuwa ndefu.